Maduara matupu ya jangwa la Namib: mimi nasema mchwa, mke wangu anasema maji. Wajuzi njooni

#1 MstaafuNjiani

Habari zenu wakuu.

Mimi na mama watoto ni wastaafu. Mimi nilikuwa fundi mitambo, yeye muuguzi. Mwezi wa tano tulipakia pikapu yetu tukashika njia: Tunduma, Lusaka, Sesheke, tukaingia Namibia kwa Katima Mulilo, tukalala Rundu, kisha tukakata magharibi mpaka jangwani kwenyewe. Wiki sita barabarani, watu wawili, hema juu ya gari. Safari yenyewe nitaisimulia siku nyingine. Leo nina swali moja tu.

Kusini ya Sesriem, lango la kuingilia matuta makubwa ya mchanga, kwenye barabara ya C27, tulifika kwenye uwanda wa nyasi zilizokauka, zinang'aa kama fedha jua likiwa chini. Katikati ya nyasi hizo kuna maduara matupu, mengi kiasi kwamba ukipanda juu ya gari huoni mwisho wake. Nilisimama ndani ya moja nikapima kwa hatua: saba kutoka ukingo hadi ukingo. Ndani ni mchanga mtupu, isipokuwa vijani vichache vya urefu wa kidole, vimekufa vikiwa vimesimama wima. Ukingoni nyasi zilinifika magotini. Ukitoka nje zaidi, zinaishia kwenye kifundo cha mguu.

Mimi nimekulia kwenye vichuguu, nikasema hapo hapo: mchwa. Mama watoto akachutama, akavitazama vile vijani, akasema, "Mchwa angekula, hivi vingelala chini. Hivi vimekufa na kiu."

Tumebishana kuanzia pale mpaka mji wa Aus, na nyumbani bado. Nani yuko sahihi?

#2 NgojaNione

Shikamoo mzee. Nimeweka kigoda hapa, nasubiri wajuzi.

#3 ChuguuKuu

Shikamoo mzee, uko sahihi na mwambie mama akubali tu. Mwaka 2013 mtafiti Mjerumani Norbert Jürgens alichapisha kwenye jarida la Science matokeo ya kuchimba na kukagua maduara hayo kwa miaka kadhaa, kutoka Angola kushuka hadi Afrika Kusini. Karibu kila duara alilolichunguza alimkuta mchwa wa mchangani, Psammotermes. Hata kwenye maduara machanga yanayoanza tu, mchwa huyo alikuwa ameshafika.

Anafanyaje? Anatafuna mizizi ya nyasi chini kwa chini. Nyasi zikifa hakuna wa kunyonya maji ya mvua, kwa hiyo maji yanazama na kukaa pale chini ya mchanga. Mchwa anapata unyevu mwaka mzima, na zile nyasi ndefu za ukingoni zinanyonya pembeni ya tangi hilo. Hicho ni kisima, mzee. Mchwa amejichimbia kisima.

#4 Pekuapekua

Hayo mambo yapo Namibia peke yake duniani, na nilishasoma kwamba ni gesi inatoka ardhini inaua nyasi. Mchwa yupo Afrika nzima, mbona kwetu hakuna maduara?

#5 UdongoTifutifu

Mkuu Pekuapekua, tuweke sawa mambo mawili.

Kwanza, si Namibia peke yake. Ukanda wa maduara unaanzia kusini mwa Angola hadi kaskazini magharibi mwa Afrika Kusini, ukiwa umerudi bara kidogo kutoka baharini, kule ambako mvua ni haba lakini nyasi bado zinajaribu kuota. Na mwaka 2016 yalitangazwa mengine Australia, karibu na mji wa Newman.

Pili, gesi ilipendekezwa kweli na kupimwa. Iliyobaki ni kueleza kwa nini gesi ipangilie matundu yake vizuri namna ile. Ukiyatazama kutoka angani, duara moja kwa kawaida lina majirani sita, kama sega la nyuki. Nyufa za miamba hazipangi hivyo.

Kuhusu mchwa, ChuguuKuu amesimulia nusu ya hadithi. Kuna Walter Tschinkel, mtaalamu wa wadudu wa jamii ya chungu kutoka Marekani. Alifika Namib akidhani ni mchwa, akatafuta, hakuridhika. Baadaye akalinganisha picha za setilaiti za mwaka 2004 na 2008, akaona maduara yanazaliwa na kufa. Kwa hesabu yake, wastani wa maisha ya duara ni kama miaka 41, na makubwa hufika 75.

#6 MstaafuNjiani

Marahaba vijana wangu, ahsanteni.

Miaka 41! Nimemsomea mama watoto akanyamaza kidogo. Maana yake lile duara tulilosimama ndani yake huenda lilianza tukiwa na mtoto wa kwanza mgongoni.

UdongoTifutifu, kama si mchwa basi ni nini? Huyu bibi anasubiri hapa pembeni yangu.

#7 UdongoTifutifu

Mzee, sikusema si mchwa. Nimesema bado wanabishana.

Upande wa pili unaongozwa na Stephan Getzin, naye Mjerumani. Wao wanasema nyasi zenyewe ndizo zinazojipanga. Maji hayatoshi kwa wote. Shada la nyasi likishika mizizi linavuta maji ya jirani, jirani anakufa, aliyebaki ananenepa. Ukirudia mchezo huo uwanda mzima, unabaki na matundu yanayopishana kwa umbali unaolingana. Nafasi tupu ni tangi, na wanywaji wamekaa ukingoni.

Sasa sikiliza hii, maana inamgusa mama moja kwa moja. Mwaka 2022 Getzin na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya baada ya mvua. Walikwenda wakati nyasi changa zimeota ndani ya maduara, wakazichimbua mamia pamoja na mizizi. Ndani ya siku 20 hivi baada ya mvua nyasi za ndani zilikuwa zinakufa au zimekwishakufa, na mizizi yake haikuwa na alama ya kutafunwa. Ilikuwa mirefu sawa na ya nje, mingine mirefu zaidi, kama iliyokuwa inahangaika kufuata maji.

Vile vijani vya urefu wa kidole alivyovitazama mama watoto ndivyo hivyo.

#8 MstaafuNjiani

Hapa ni mama mwenyewe, nimechukua simu ya mzee. Ahsante sana mwanangu Udongo. Nimefanya kazi wodini miaka 34, aliyekauka namjua nikimwona. Mzee nimemsomea post yako mara mbili.

#9 NgojaNione

Mzee pole 😂 Hapo utafua hema peke yako.

#10 ChuguuKuu

Shikamoo mama. Heshima yako ipo, lakini sijashindwa bado.

Upande wa mchwa ulijibu hoja hiyo. Wanasema mchanga mkavu wa Namib haupitishi maji kwa pembeni kirahisi. Maji yanashuka chini, hayasafiri mita tatu kwenda kumfuata mnywaji wa ukingoni. Sasa nyasi za ukingoni zinawezaje kunyonya maji ya katikati na kuua vijani vya kule? Tena mchwa huyu haachi kichuguu juu ya ardhi kama wa kwetu. Ukipita huna habari, na wiki moja anaweza kuwa amehama kidogo. Kutoona meno yake kwenye mzizi siku uliyochimba hakumtoi kwenye kesi.

#11 MbugaMoja

Wakubwa, mimi nafikiri ni wanyama. Nilishaona pundamilia wanagaagaa sehemu moja kila siku mpaka nyasi hazioti tena. Choroa na mbuni nao ni hivyo hivyo. Picha nyingi za maduara haya zina choroa amelala katikati.

#12 UdongoTifutifu

MbugaMoja, choroa analala pale kwa sababu kuna mchanga mlaini na hakuna nyasi za kuchoma. Duara limemtangulia. Na pundamilia wapange galagala zao kwa majirani sita sita, nani kawafundisha?

#13 MbugaMoja

Sawa mkuu, nimekuelewa. Ila nimeona nilichoona.

#14 KokotoNaTairi

Shikamooni wazee wetu. Samahani nitoke kidogo kwenye mada, sisi wengine tunasoma huu uzi kwa ajili ya barabara. Mlitoka Walvis Bay mkafuata C14? Tairi zilisalimika? Hiyo njia hadi Solitaire ni kilomita kama 230 na huna pa kujaza mafuta katikati.

#15 MstaafuNjiani

Marahaba. Hazikusalimika.

Tulikuwa tumeshapita korongo la Kuiseb, milima imekwisha, barabara imenyooka, na mama watoto alikuwa ameniambia mara mbili nipunguze. Nilikuwa kwenye 90. Nilisikia mlio kama mtu amepiga debe kwa rungu, mkia wa gari ukavuta kulia. Sikukanyaga breki. Nilishika usukani, nikaacha gari lipungue mwendo lenyewe mpaka likasimama. Tairi la nyuma kulia lilikuwa limefunguka ubavuni, unaweza kuingiza ngumi. Nilipolishika liliniunguza.

Jeki ilizama kwenye kokoto. Tulikuwa na kipande cha ubao wa kuweka chini yake, kipande hicho kilituokoa. Dakika 50 tukaondoka. Magari yaliyopita muda wote huo ni mawili, na yote mawili yalisimama kutuuliza kama tuko salama.

Upepo asubuhi, tairi zikiwa baridi, ulikuwa 32 mbele na 36 nyuma. Mizigo: maji lita 80, dumu mbili za dizeli juu, hema, na sisi.

#16 KokotoNaTairi

Mzee pole sana, na hongera kwa kutokanyaga breki. Wengi wanaopinduka kule wanapindukia hapo: tairi linapasuka au gari linayumba kidogo, mtu anashtuka, anakanyaga au anakata usukani kwa nguvu.

36 kwenye kokoto kali ni ngumu mno. Tairi gumu halikunji, linalichukua jiwe lote kifuani. Ungeshuka hadi 28 hivi na mwendo usizidi 80.

#17 FundiWaMataa

Napinga. Mzee alikuwa na mzigo mkubwa nyuma. Ukishusha upepo chini ya mzigo ule, ubavu unakunjika kila mzunguko, joto linapanda, tairi linapasuka ubavuni, na ndiyo maana alipolishika lilimuunguza. Mimi ningebaki na 36 ila ningeshusha mwendo hadi 70, na yale madumu ya juu ningeyaleta chini.

Mzee, angalia ubavuni mwa hizo tairi nyingine kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Zinasomaje?

#18 MstaafuNjiani

Nimetoka nje kuangalia na tochi. 2216.

#19 FundiWaMataa

Wiki ya 22, mwaka 2016. Mzee, hizo ni kuukuu, hata kama kashata bado zipo. Mpira unazeeka umesimama. Mimi nasema uzee wa tairi ndio uliokupata.

#20 KokotoNaTairi

Na mimi bado nasema ni jiwe juu ya upepo mgumu. Ufa wa ubavuni unaoingia ngumi ni mkato huo.

#21 MstaafuNjiani

Hapa ni mama tena. Ni mwendo. Nilikuwepo.

#22 Nyota_ya_Kusini

😂😂 Kesi imefungwa.

Wazee wangu, mlifika kwenye matuta ya mchanga ya Sossusvlei? Na lile tuta la Dune 45, kweli ina mita 45 tu? Kwenye picha inaonekana ndefu kuliko hivyo.

#23 MstaafuNjiani

45 ni kilomita kutoka lango la Sesriem, si urefu. Tuta lenyewe ni refu zaidi ya mara tatu ya hapo. Sikulipanda lote, magoti yalisema basi.

Lami inakwenda kilomita 60 kutoka Sesriem, halafu kilomita 5 za mwisho ni mchanga mtupu. Pale nilishusha upepo hadi 18, nikaweka magurudumu yote manne yavute, nikaenda bila kusimama. Kijana mmoja aliyekuwa mbele yetu alisimama kupiga picha katikati ya mchanga mlaini, gari likakaa kwa tumbo. Tulimsaidia kuchimbua.

Kisha tukatembea hadi Deadvlei. Sakafu nyeupe ya udongo mkavu, na ile miti myeusi iliyokufa zaidi ya miaka 600 iliyopita. Haiozi kwa sababu hakuna unyevu wa kuiozesha. Mama watoto aliweka kiganja kwenye shina moja, akakaa nalo muda mrefu bila kusema kitu.

#24 Safari_Mwakani

Shikamooni. Mimi na mume wangu tunastaafu mwakani na tunaifikiria njia hii. Yeye anatumia dawa za presha. Mama, mlijipangaje na maji na afya?

#25 MstaafuNjiani

Ni mama. Hili ni la muhimu, niachieni nafasi.

Sisi wenye umri mkubwa kiu inachelewa kutuambia. Ukisubiri koo likauke, mwili umeshapungukiwa. Tulikunywa kwa saa: kila tukibadilishana usukani, kila mmoja kikombe kizima, utake usitake. Tulihesabu lita tano kwa mtu kwa siku, na akiba ya siku tatu ambayo haiguswi, kwenye madumu tofauti, ili moja likitoboka yasimwagike yote. Ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya chai, umechelewa.

Dawa nyingine za presha hufanya kazi kwa kutoa maji mwilini. Jangwani hilo linaweza kukuangusha ukisimama ghafla. Mumeo aonane na daktari wake kabla ya safari, amweleze anakwenda wapi, asipunguze wala kuacha dawa kwa akili yake. Na dawa zisikae kwenye dashibodi. Zetu zilikaa katikati ya blanketi, chini ya kiti.

Blanketi mtazihitaji. Mchana unavua sweta, alfajiri unavaa mbili. Na kule pwani Swakopmund ukungu wa baharini unakuja asubuhi unalowesha hema kama mvua. Ukungu huo huo ndio unaowanywesha wadudu wa jangwani. Tulimwona mbawakawa amesimama kichwa chini kwenye tuta, mgongo juu, matone yanamteremkia mdomoni. Nilimwita mzee aache chai aje aone.

#26 Safari_Mwakani

Ahsante sana mama. Nimenakili yote.

#27 KokotoNaTairi

Nyongeza kwa Safari_Mwakani: mkitokea Rundu, nyama mbichi isivuke lango la Mururani kwenda kusini. Kuna uzio wa kuzuia magonjwa ya mifugo, watakagua mpaka friji la gari.

#28 Mzalendo_wa_Mawe

Nimesoma kimya mpaka hapa. Mlipofika Aus mlikwenda Kolmanskop, ule mji wa almasi uliohamwa? Pale mwaka 1908 mfanyakazi wa reli, Zacharias Lewala, ndiye aliyeokota almasi akiwa anafagia mchanga kwenye njia. Alimpelekea msimamizi wake, August Stauch, na jina lililotajirika ni la Stauch. Naomba kila anayepiga picha zile nyumba zilizojaa mchanga amtaje na Lewala.

#29 MstaafuNjiani

Tulikwenda. Jina hilo sikulijua, ahsante. Nimeliandika nyuma ya picha.

#30 ChuguuKuu

Turudi kwenye mada. UdongoTifutifu ameitaja Australia tu, hajasema maduara ya kule yanatokana na nini. Kule Getzin alisema ni nyasi na udongo mgumu. Lakini mwaka 2023 ilichapishwa kazi iliyofanywa pamoja na Wamartu, wenyeji wa jangwa lile. Wao wana jina la maduara hayo, linyji, na wamejua miaka yote kwamba ni sakafu za mchwa. Walipuria mbegu juu yake, na mvua ikinyesha walikunywa maji yanayotuama pale. Wenyeji wameishi nayo, nani atawafundisha?

#31 UdongoTifutifu

Hoja nzito, na naikubali kwa Australia. Lakini pale duara ni gumu kama saruji, maji yanatuama juu. Ya Namib ni mchanga, maji yanazama papo hapo. Vitu viwili vinaweza kufanana sura bila kuwa na mama mmoja. Halafu mwaka huo huo wa 2023 kundi lingine lilipekua picha za setilaiti likahesabu mifumo inayofanana na hii katika maeneo 263 kwenye nchi 15. Wengine walipinga kuyaita yote kwa jina moja.

Na ukiwasikiliza wenyeji, basi uwasikilize na Wahimba, wenyeji wa kaskazini mwa Namibia. Wao wanasema ni nyayo za Mukuru, mungu wao.

#32 Pekuapekua

Na ule mti wenye sumu? Niliwahi kusikia.

#33 UdongoTifutifu

Upo. Mwaka 1979 mtaalamu wa mimea aitwaye Theron alipendekeza kwamba mmea wa jamii ya mnyaa ukifa, utomvu wake unabaki mchangani na nyasi hazioti tena hapo. Watafiti wa Pretoria wanaitetea hoja hiyo hadi miaka ya karibuni. Kuna na waliochanganya: mwaka 2017 Corina Tarnita na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba mchwa wanagawana mipaka ya himaya zao, na nyasi zinajipanga katikati. Yaani mzee na mama wote.

#34 MstaafuNjiani

Mama watoto anakataa sare.

Jana usiku tulipitia picha zote upya kwenye kompyuta ya kijana wetu. Kuna moja aliyopiga yeye mwenyewe, ya karibu kabisa. Upepo ulikuwa umefukua mchanga chini ya kijani kimoja ndani ya duara. Mzizi unaonekana wote, mrefu kuliko kiganja chake alichokiweka pembeni, na sioni palipotafunwa. Nimeikuza mpaka ikawa vidoa.

#35 ChuguuKuu

Mzizi mmoja mzee. Nionyeshe hamsini, na ncha zake zote.

#36 Safari_Mwakani

Sisi tutakuwa kule mwezi wa tatu, mvua ikijaliwa. Nielekezeni mahali penyewe, tutapiga picha.

#37 MstaafuNjiani

Nitakutumia ramani kwa ujumbe wa pembeni. Hapo ni kando ya barabara kabisa, msiingie na gari ndani ya uwanda, alama za tairi hazifutiki miaka.

Mama anasema: ulizeni Sesriem mvua ilinyesha tarehe gani, muiandike. Chagueni duara moja, mpige picha vijani vya ndani na nyasi za ukingoni, siku mnayokwenda na siku mnayorudi, na muweke kitu cha kulinganishia urefu. Msing'oe chochote. Na nendeni alfajiri, jua likipanda mtaona mchanga tu.

Mimi nasema mkiona mchwa, hata mmoja, mpigeni picha kwanza.